Asili, Gredi na Shenzi: Nani Huandikwa katika Daftari la Mbari?

Ikisiri

Kila panapoanzishwa daftari la mbari za wanyama huzuka mgogoro uleule: ni mnyama gani aandikwe, na yupi aachwe nje. Makala haya yanaueleza mgogoro huo kuanzia kwa farasi, ambao madaftari yao ni ya kale kuliko mengine, kisha yanaufuata kwa mbwa wa Kongo na ng'ombe wa Afrika Mashariki na Malawi. Hoja inayotetewa ni kwamba daftari haliorodheshi tu mbari iliyokwisha kuwapo, bali huamua mbari hiyo iwe nini. Na kwamba katika Kiswahili sehemu ya uamuzi huo hufanywa na maneno yenyewe, hasa asili, gredi, chotara na shenzi, kabla mnyama hajatazamwa. Mjadala unawekwa katika Malawi ya kati, ambako taasisi za utafiti wa mifugo za Lilongwe na wasemaji wa Kiswahili wa Dzaleka wanaishi jirani bila kukutana.

Utangulizi

Mnamo Agosti 2019, mkutano wa wakuu wa nchi za SADC uliofanyika Dar es Salaam ulikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, baada ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Malawi ni mwanachama. Tangu hapo mjadala mwingi umehusu shule, walimu na vitabu vya kiada. Kwa uchache mno umegusa nyaraka ambazo ndizo kazi ya kila siku ya jumuiya ya kikanda: viwango, fomu, orodha na fasili. Orodha za mbari za wanyama ni miongoni mwa hizo. Mpango wa kimataifa uliopitishwa chini ya FAO mjini Interlaken, Uswisi, mwaka 2007 uliyataka mataifa yazitambue, yazieleze na yazihifadhi mbari zao. Kutambua ni kuandika, na anayeandika halikwepi suala la kuchagua neno.

Malawi ya kati ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Lilongwe kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Chitedze na Chuo Kikuu cha Kilimo na Maliasili, LUANAR, ambacho mzizi wake ni Chuo cha Bunda. Kilomita 40 na kitu kaskazini ya mji huo, wilayani Dowa, iko kambi ya Dzaleka. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu 10,000 hivi, na leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Wapo kati yao waliokulia katika nchi za ng'ombe wa pembe ndefu na za mbwa wa kuwindia, na maarifa hayo wamekuja nayo ingawa wanyama wamebaki nyuma. Kwa hiyo umbali kati ya wanaoandika mbari na wanaozijua kwa majina ya nyumbani si mkubwa kama unavyodhaniwa. Kinachokosekana ni njia ya maneno kati yao.

Farasi: kutoka hoja ya mashahidi hadi kitabu

Malawi si nchi ya farasi. Ndorobo na ugonjwa wa farasi wa Kiafrika vimehakikisha hivyo tangu zamani, na sehemu kubwa ya bara hili kusini ya Sahara inashiriki bahati hiyo. Hata hivyo mjadala wa daftari la mbari hauna budi kuanzia kwa farasi, kwa sababu kanuni ambazo leo hutumiwa kwa ng'ombe, mbuzi na mbwa zilijaribiwa kwanza kwao.

Kabla ya kitabu kulikuwa na mashahidi. Mabedui wa Arabuni waliwataja farasi wao kwa ukoo wa upande wa mama: Kuhaylan, Saqlawi, Abayyan, Hamdani, Hadban. Farasi alipotoka mikononi mwa kabila, muuzaji na wazee waliapa na kutia muhuri hati iliyoitwa hujja, iliyoeleza mama yake alikuwa nani, bibi yake alikuwa nani, na alizaliwa katika mahema ya akina nani. Neno hilo lina shina moja na hoja ya Kiswahili, na ulinganifu huo si wa sauti tu. Ukoo wa farasi ulikuwa hoja kwelikweli: ulitolewa mbele za watu, ukasikilizwa, ukaweza kupingwa, na uzito wake ulikuwa uzito wa waliousema. Abbas Pasha, mtawala wa Misri kuanzia 1848 hadi 1854, aliwatuma watu kwa makabila kuzikusanya shuhuda za namna hii. Hakukuta kitabu. Alikuta watu wanaokumbuka.

Pwani ya Waswahili inao mfano wake. Mwaka 1840 merikebu iitwayo Sultana, iliyotumwa kutoka Zanzibar na Sayyid Said bin Sultan chini ya balozi wake Ahmad bin Na'aman, ilitia nanga New York ikiwa na zawadi kwa rais wa Marekani. Farasi wawili wa Kiarabu walikuwamo. Sheria haikumruhusu rais kujipokelea zawadi za wafalme, na farasi wakauzwa kwa faida ya hazina ya serikali. Uarabu wao ulitokana na nani kawatoa, nao ulitosha kwa zama zile. Miaka mia moja baadaye usingetosha.

Uingereza ilikuwa imekwisha kuanza njia nyingine. Mwaka 1791 ilichapishwa juzuu ya utangulizi wa General Stud Book, daftari la farasi wa mbio. Kwa upande wa baba, farasi wote wa mbari hiyo wanarudi kwa madume watatu walioingizwa kutoka mashariki: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Yaani mbari ambayo baadaye ilisifiwa kwa usafi wake ilianza kwa kuingiza wageni. Hilo halikuzuia daftari kufungwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, sheria za kuzuia kamari jijini na jimboni New York zilipodhoofisha mbio huko, farasi wengi wa Kimarekani walipelekwa Uingereza. Koo zao kadhaa zilikuwa na pengo: bibi wa zamani asiyejulikana, dume ambaye kumbukumbu zake zilipotea. Mwaka 1913 wenye daftari walipitisha kanuni kwamba asiandikwe farasi yeyote ambaye kila tawi la nasaba yake haliishii kwa farasi aliyekwisha andikwa katika juzuu zilizotangulia. Wamarekani waliibandika jina la Jersey Act, kwa kumlenga bwana aliyeipendekeza.

Mwaka uliofuata, 1914, mbio za Derby ya Epsom zilishindwa na Durbar, farasi aliyezalishwa Ufaransa ambaye, kwa mujibu wa kanuni ile, hakuwa farasi safi. Bingwa wa mbio kubwa kuliko zote nchini hakustahili kuandikwa katika daftari la farasi wa mbio. Kanuni ilidumu hata hivyo hadi 1949, ilipolegezwa baada ya vizazi vya farasi waliokataliwa kuendelea kushinda mbele ya macho ya waliowakataa. Ni vigumu kuisoma miaka hiyo 36 bila kuona kwamba biashara ilikuwa ndani yake. Daftari lililofungwa linalinda bei ya waliomo.

Farasi wa Kiarabu walifikia tatizo lilelile kwa njia nyingine. Wapenzi wao walijaribu kwa miongo kuandika fasili ya Mwarabu safi, na kila fasili ilidai uthibitisho wa kurudi jangwani usiovunjika. Hapakuwa na nchi iliyoweza kuutoa kwa farasi wake wote. Shirika la kimataifa la farasi wa Kiarabu, WAHO, lililoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, liliukata mzizi huo mwaka 1974: farasi safi wa Kiarabu ni yule anayeonekana katika daftari lolote la Waarabu safi ambalo shirika limelikubali. Fasili haisemi neno juu ya farasi. Haimtaji masikio, mkia, mbio wala jangwa. Inasema: aliyemo yumo.

Wapo waliokasirika, na hasira yao ilikuwa na msingi. Jumuiya kama Asil Club ya Ujerumani na Al Khamsa ya Marekani zilijitenga na wingi wa farasi waliokubaliwa, zikaendelea kuwatafuta wale tu ambao nasaba yao yaaminika kurudi kwa Mabedui. Hao huitwa asil. Kwa upande wa utekelezaji WAHO ilifanya jambo la busara, kwani bila fasili hiyo madaftari ya nchi mbalimbali yangeendelea kukataana bila kikomo. Lakini busara hiyo ina shimo. Farasi wa mfugaji ambaye nchi yake haikuwa na daftari lililokubaliwa hakuwa Mwarabu kwa maana ya kanuni, hata kama alizaliwa katikati ya Najd na wazee kumi wakamwapia. Hujja iliondoka kwenye kiti, karatasi ikakaa.

Asili iliyoshuka, gredi iliyopanda

Msomaji wa Kiswahili anapokutana na neno asil katika mjadala wa farasi husimama kidogo, kwa sababu analijua, na analijua kinyume. Kwa Mwarabu, farasi asil ni wa daraja la juu kabisa, mwenye nasaba isiyo na doa. Katika Kiswahili cha mifugo, hasa Tanzania, ng'ombe wa asili ni zebu wa kijijini: mwenye umbo dogo, maziwa machache, asiye na karatasi, anayengojewa kuboreshwa. Shina ni moja, na maana ya chanzo haikupotea popote. Kilichobadilika ni thamani ya kuwa na chanzo. Kwa Mwarabu chanzo kilichojulikana kilikuwa cheo. Katika taarifa za mifugo za Kiswahili chanzo ni mahali pa kuondokea.

Kenya neno lenye kazi hiyo ni kienyeji, na kinyume chake ni gredi. Ng'ombe wa gredi ndiye anayetamaniwa: Friesian au Ayrshire, au chotara aliyewakaribia. Neno hili nalo limesafiri likigeuka. Katika Kiingereza cha wafuga farasi, mnyama aitwaye grade ni yule asiye na daftari, ambaye mbari yake haijulikani au haikubaliki. Walowezi walipowapandisha ng'ombe wa kienyeji kwa madume ya Ulaya, kizazi baada ya kizazi, neno hilo lilitaja wanyama waliokuwa njiani kuelekea usafi na bado hawajafika. Wakulima Waafrika, waliokatazwa kwa muda mrefu kuwa na ng'ombe hao, walilipokea kama jina la kitu bora. Hawakukosea. Mbele ya ndoo ya maziwa, ng'ombe aliye njiani alikuwa bora.

Hivyo asili lilishuka na gredi likapanda, yakapishana ngazini. Hili si jambo la kufurahisha wanaisimu peke yao. Mtu akitafsiri waraka wa kimataifa unaohimiza kuhifadhi mbari za asili, msomaji wa Kiarabu ataelewa farasi wa wafalme, na afisa mifugo wa Dodoma ataelewa ng'ombe ambaye sera ya miaka mingi imemwambia ambadilishe. Lugha haitamzuia afisa huyo kutekeleza waraka, ila itamfanya autekeleze bila imani.

Malawi ina mizani yake. Kwa Kichewa mahindi ya mbegu ya zamani ni chimanga cha makolo, mahindi ya waliotuzaa, na jina hilo linabeba heshima ambayo kienyeji halina. Kuku weusi wa mbari ya Black Australorp waliosambazwa na serikali wamejulikana vijijini kwa jina la Mikolongwe, kituo cha mifugo cha kusini walikokuwa wakizalishwa. Mbari ya Australia ikapewa jina la mahali pa Malawi, na hapakuwa na kamati iliyokutana kuamua.

Mbwa wa Kongo asiyekuwa na karatasi

Mfano ulio karibu zaidi na wengi wa wakazi wa Dzaleka si wa farasi wala wa ng'ombe. Katika misitu na mbuga za Kongo wako mbwa wa kuwindia, wadogo, masikio wima, mkia uliojisokota, ambao hawabweki kama mbwa wengine. Kwa kuwa hawabweki, wawindaji huwafunga njuga ya mti shingoni ili wajulikane walipo kichakani. Wazungu waliwapa jina Basenji. Jina hilo ni la Lingala, basenji, watu wa porini wasiostaarabika, na ni shina lilelile la mshenzi wa Kiswahili. Katika Kiswahili cha Kongo, ambacho mara nyingi hutumia ba- mahali pa wa-, msikilizaji halihitaji kuelezwa. Mbari inayoonyeshwa leo katika maonyesho ya mbwa ya London na New York kwa gharama kubwa imeandikwa daftarini kwa tusi lililotupwa kwa wenye mbwa.

Waliopelekwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 walikufa kwa maradhi. Katika miaka ya 1930 wengine walifikishwa wakaishi, wakaonyeshwa katika maonyesho ya Crufts mwaka 1937, na kutokana na hao pamoja na wachache waliofuata, daftari likajazwa. Klabu ya mbari hiyo Marekani iliundwa mwaka 1942, na American Kennel Club ikaitambua mbari mwaka 1944. Kisha daftari likafungwa. Idadi ya mababu ilikuwa ndogo mno, na baada ya vizazi kadhaa maradhi ya kurithi yalidhihirika: upungufu wa damu wa kuzaliwa nao, na ugonjwa wa figo uitwao Fanconi. Juhudi za kuondoa ugonjwa wa kwanza kwa kuwazuia wenye vinasaba vyake wasizae zilizidi kuwapunguza mababu.

Mwaka 1987 na 1988 baadhi ya wafugaji wa Kimarekani walisafiri hadi Zaire ya wakati huo, wakarudi na mbwa kutoka vijijini, wengine kutoka nchi ya Wazande kaskazini-mashariki. Swali likawa lile la 1913. Mbwa hawa hawana baba wala mama katika kitabu. Je, ni Basenji? Waliopinga walisema kwamba kandokando ya barabara, misheni na migodi mbwa wa vijijini walikwisha changanyika na mbwa wa Ulaya, na hakuna ajuaye nani ni nani. Waliounga mkono walisema kwamba kitabu safi chenye mbwa wagonjwa si kitabu cha kujivunia, na kwamba ikiwa mbwa wa Kongo si Basenji, neno hilo halina maana. Mwaka 1990 daftari lilifunguliwa, kwa ombi la klabu, wakaandikwa mbwa 14. Lilifunguliwa tena kati ya 2009 na 2013.

Pamoja na mbwa hao iliingia rangi ya mistari, kama ya chui-milia, ambayo mbwa wa daftari la zamani hawakuwa nayo. Kwa baadhi ya wafugaji ilikuwa ushahidi wa uchafu. Katika vijiji walikotoka ilikuwa rangi tu. Viwango vya mbari vilirekebishwa mwaka huohuo wa 1990 ili kuikubali, na jambo hilo linastahili kuzingatiwa na yeyote anayetunga fasili: mababu wachache waliobahatika kupanda meli waligeuzwa kuwa kipimo cha mbari nzima, na kilichokosekana kwao kikahesabiwa kuwa hakikuwahi kuwapo.

Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, linaitaja Afrika ya Kati kuwa chimbuko la mbari hiyo na kuiweka chini ya ulezi wa Uingereza. Utaratibu huo una sababu zake za kiofisi, kwani anahitajika mtu wa kutunza viwango. Lakini katika hoja zote zilizotolewa kwa nusu karne juu ya mbwa huyu, mwindaji aliyemfunga njuga hakuwahi kuwa upande mmojawapo. Hakuulizwa ni mbwa yupi kwake ni wa kweli, ingawa yeye ndiye aliyekuwa akichagua watoto wa kubakiza na wa kutoa.

Ng'ombe mmoja, majina matatu

Kwa ng'ombe mambo ni yaleyale, ila fedha ni nyingi zaidi na watu ni wengi zaidi. Boran wa Kenya ni mfano unaojulikana. Jina ni la Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, ambao ndio waliomfanya. Walowezi wa Laikipia na kwingineko waliwanunua ng'ombe hao kupitia wafanyabiashara wa Kisomali, wakawachagua kwa nyama, na mwaka 1951 ikaundwa jumuiya ya wazalishaji. Kuanzia miaka ya 1990 viinitete vya Boran wa daftari vimepelekwa hadi Afrika Kusini, ambako mbari hiyo sasa ina jumuiya yake. Ng'ombe walio kwa Waborana wenyewe, na ndugu zao walio kwa Waorma karibu na mto Tana, wako nje ya kitabu chenye jina lao. Watafiti waliofanya kazi Galana waligundua kwamba wa Waorma wanastahimili nagana kuliko wenzao. Sifa hiyo haikutokana na daftari. Ilitokana na kuishi miongoni mwa ndorobo bila daftari.

Nchini Marekani, mwaka 1983, iliundwa Ankole Watusi International Registry. Ng'ombe wake ni uzao wa wale waliochukuliwa Afrika kwa ajili ya bustani za wanyama za Ulaya, wakafika Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wataalamu huihesabu sasa kuwa mbari ya Kimarekani. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya uko kwenye jina. Watusi ni jina la watu, na ni watu ambao nchini Rwanda, kuanzia miaka ya 1930, utawala wa Kibelgiji uliwaandika katika vitambulisho kwa kabila, kana kwamba ukoo wa mtu ni jambo la kufungwa daftarini mara moja na kuachiwa watoto. Kilichofuata kinajulikana, na baadhi ya walionusurika wake wako Dowa. Watu si ng'ombe, na ulinganisho wa aina hiyo ndio uliowahi kuleta maafa. Lakini mshauri wa sera anayeshangaa kwa nini mkimbizi hulitazama daftari la nasaba kwa wasiwasi, hata likiwa la mifugo, asiende mbali kutafuta sababu.

Malawi kwenyewe kuna fumbo dogo ambalo bado linaweza kutatuliwa vizuri. Zebu wa nchi hiyo huitwa Malawi Zebu. Vuka mpaka uingie Jimbo la Mashariki la Zambia: ng'ombe wa jamii hiyohiyo ni Angoni. Vuka mwingine uingie uwanda wa Tete, Msumbiji: ni Angónia. Nchi moja imechagua jina la taifa, nyingine la watu, ya tatu la mahali. Wangoni wenyewe walitoka kusini katika karne ya 19, nchi ya ng'ombe wa sanga, ilhali ng'ombe aliyepewa jina lao ni zebu mwenye nundu iliyosimama. Jina linadai safari ambayo nundu inaikana. Ikiwa kila nchi itafungua daftari lake na kulifunga, mfugaji wa Mchinji anayenunua fahali kwa shemeji yake wa Chipata atakuwa, kwa maandishi, amezalisha chotara.

Chotara ni neno la kuchungwa. Katika Kiswahili cha kawaida lina ubaridi fulani linapotajwa kwa mtu na sifa linapotajwa kwa ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe wa Mpwapwa, aliyeundwa katika kituo cha utafiti cha Tanzania kwa kuchanganya damu za Sahiwal na Sindhi wa Bara Hindi, zebu wa nchini, Boran na mbari za Ulaya, ni chotara kwa historia na mbari kwa jina. Aliandikwa kwa sababu kituo kiliandika. Mchanganyiko wa namna hiyo uliofanywa na wafugaji kwa vizazi, bila kituo, huitwa ukosefu wa mpangilio.

Safu ya ushahidi

Kati ya madaftari yasiyoandikwa, hakuna lililo tajiri kuliko lile la amazina y'inka, mashairi ya sifa za ng'ombe ya Rwanda. Inyambo, ng'ombe wa pembe ndefu wa kasri, walisifiwa mmoja mmoja kwa jina, na sifa zilitaja kundi alimotoka. Inkuku, ng'ombe wa kawaida, walijulikana kwa umbo, pembe na rangi: bihogo kwa wekundu wa giza, gaju kwa wekundu mwepesi. Mtu aliyekulia humo hutofautisha mbari kwa maswali ambayo fomu za kisasa haziulizi. Kwa daftari zebu na sanga ni mstari wa vinasaba; kwake ni mwenendo, sauti, na nani alimpa nani mtamba na kwa sababu gani.

Si kweli kwamba maarifa hayo hayawezi kuandikwa. Fomu ya kuandikisha mbari inaweza kuwa na safu ya jina analolitumia mwenye mnyama na lugha ya jina hilo, ikitangulia jina la kitaifa. Inaweza kutenganisha mambo matatu ambayo neno asili huyafunga pamoja: mahali mnyama alikotoka, nasaba yake inavyojulikana, na hadhi anayopewa. Kwa la kwanza lipo neno chimbuko. Kwa la pili nasaba latosha. La tatu lisiandikwe kabisa. Kienyeji na shenzi hayana kazi katika waraka rasmi, isipokuwa pale yanapokuwa sehemu ya jina, kama Basenji, ambapo maelezo ya chanzo chake yanapaswa kuandamana nalo. Inaweza pia kuwa na safu ya ushahidi: nani anasema mnyama huyu ni wa mbari hii, anamjua kwa kizazi cha ngapi, na kuna anayepinga? Madaftari ya farasi yaliitupa safu hiyo yalipopata kitabu. Madaftari ya mbwa yalilazimika kuirudisha mwaka 1990, kwa mbwa 14.

Kufungwa kwa daftari nako kuandikwe kama kanuni yenye tarehe na masharti ya kufunguliwa tena, si kama hali ya maumbile. Kwa mbari za kanda hii, ambazo hazijafungwa, hilo ni rahisi kuliko itakavyokuwa baada ya bei kupanda.

Kazi ya istilahi haiwezi kufanywa Lilongwe peke yake, wala Dar es Salaam. Kongo na Tanzania ni wanachama wa SADC kama Malawi. Inyambo, Angoni na Boran watatokea katika orodha moja. Wanaoweza kusema kwa Kiswahili tofauti ya inyambo na inkuku, au mbwa wa mwindaji wa Kivu na mbwa wa soko, wapo ndani ya mwendo wa basi kutoka Chitedze. Sera ya Malawi huwataka wakimbizi waishi kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaagiza waliokuwa mijini warudi Dzaleka. Hawawezi kutarajiwa kuja kwenye warsha mjini. Bajeti ya kikao chochote cha istilahi za mbari nchini humo inapaswa kuanza na nauli ya wataalamu kwenda Dowa.